Besi ya Mwalimu Otuoma

Saa nane mchana, Deodatus Kashaija amelala chali juu ya mwamba mpana ufukweni Kitangiri, jijini Mwanza, macho ameyafumba, gitaa la besi liko juu ya tumbo lake. Wapita njia wawili wamesimama wakijadiliana kwa sauti ya chini kama aitwe mwenyekiti wa mtaa. Hawajui kwamba marehemu yuko kazini.

Gitaa halijachomekwa popote. Nyuzi zake nne hazitoi zaidi ya mnong'ono, ila kila anapogusa uzi mmoja, mbao inatetemeka na tumbo linaitika. Mbele yake ziwa limetulia kama linasinzia, na mawingu yanapita juu bila haraka yoyote.

"Besi haisikiki, inatua," anaeleza bila kufumbua macho. "Ikinitulia mimi hapa tumboni, na kwa watu itatua."

Juu ya mwamba huohuo wanaanikwa dagaa. Mwenye dagaa, Ng'washi, hana subira na wasanii.

"Deo, vuta miguu. Umelalia mahali pa dagaa wangu."

"Kidogo tu, mama. Inakuja."

"Inakuja nini? Leo unapiga kama mtu anaumwa jino. Ile ya jana ilinisaidia kugeuza dagaa, nilimaliza mapema."

"Leo natakiwa kuhuzunika, mama."

"Basi njoo ubebe hizi ndoo. Utahuzunika vizuri tu."

Kuhuzunika ndiko kunakomshinda. Deodatus, mwenye umri wa miaka 34, huzitungia besi kwaya zinazorekodi Mwanza, na anajulikana kutoka Buzuruga hadi Magu kwa besi zinazocheka. Wimbo mmoja humpatia shilingi elfu hamsini, na kwaya za Magu humwongezea mchele. Mwaka juzi alitunga besi ya wimbo wa siku ya hukumu. Waumini waliucheza kwa furaha kubwa, kana kwamba siku hiyo imetangazwa kuwa ya mapumziko.

Safari hii mambo ni mazito. Jumapili ijayo kwaya yake ya Buzuruga itaimba wimbo wa kumkumbuka Mwalimu Otuoma, aliyeifundisha hadi alipofariki mwaka jana. Ndiye aliyemshikisha Deodatus besi kwa mara ya kwanza.

Wakati huo Deodatus alikuwa kijana aliyetoka Muleba kuja kusoma uhasibu. Aliingia kanisani kujikinga na mvua, akakuta mazoezi yamekwama kwa sababu mpiga besi hajafika. Mwalimu alimwangalia vidole. "Wewe mrefu, njoo ushike hapa. Usiogope, ni nyuzi nne tu." Uhasibu uliwekwa kando upumzike kidogo, na haujaamshwa hadi leo.

Mwenyekiti wa kwaya, Nestory Malimi, ametoa msimamo: besi iwe ya majonzi, la sivyo itapigwa na kinanda.

"Kinanda!" Hapo Deodatus anafumbua macho. "Kinanda kimpigie besi mwalimu wangu, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi? Ni kama kuzuiwa getini siku ya kumzika baba yako."

Saa kumi anafika ukumbi wa kanisa, akiwa na besi yenye majonzi aliyoitoa kwa taabu. Kwenye kiti cha mbele ameketi Aluoch, mjane wa mwalimu, aliyealikwa kusikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Deo. Umekonda. Unakula kweli?"

"Nakula, mama."

"Muongo."

Kwaya inaanza. Besi inadondoka polepole, tone baada ya tone, kama maji ya bati baada ya mvua. Nestory anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Aluoch ananyoosha mkono.

"Simameni kwanza. Huyu mnayemlilia ni nani?"

"Ni mwalimu, mama," anajibu Nestory.

"Mwalimu yupi? Otuoma wangu hakutembea polepole hivyo hata siku moja. Kila Jumapili alikuwa amechelewa. Anatoka nyumbani mbio, kiatu kimoja hakijafungwa, mkate mdomoni, na bado anaimba sauti ya tatu njiani. Mpigie huyo, Deo. Huyu mwingine simjui."

Nestory anakohoa. "Lakini mama, wazee wa kanisa..."

"Wazee wa kanisa walimfulia soksi?"

Deodatus, bila kuomba ruhusa ya mtu, analala chali sakafuni, anaweka besi tumboni na kufumba macho. Wanakwaya wanamzunguka kwa heshima zote, kama wanaoaga mwili.

Kwanza hakuna kitu. Halafu, kupitia spika, zinakuja hatua fupi fupi. Zinakimbia, zinajikwaa, zinajiokota na kuongeza mwendo, kama mtu anayefunga kiatu bila kusimama. Mmoja wa sauti ya pili anacheka, kisha anaziba mdomo. Aluoch ameinamisha kichwa. Mabega yake yanatikisika, na hakuna anayejua kama ni kicheko. Hakuna anayeuliza.

Nestory anasubiri hadi uzi wa mwisho unyamaze.

"Beti za mwanzo zibaki taratibu," anasema hatimaye, huku akiangalia pembeni. "Besi iingie mwishoni."

"Sawa, mwenyekiti. Ichelewe, kama mwenyewe."

Jioni, akifunga gitaa kwenye mfuko wake, Deodatus anasema ana mpango wa kuwakusanya vijana wachache wa Buzuruga awafundishe besi, kama alivyofundishwa. Kabla ya hapo, kuna Jumapili.

"Sitaki wacheze, wala sitaki walie," anasema. "Nataka besi ikiingia, hata mtu mmoja tu ageuke atazame mlangoni."