Mashine Isiyosubiri Marahaba

Nyumbani walimwita Bibi Rimoti, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake. Maisha yake yote ya kazi alipiga pasi mashuka ya hospitali, na kiinua mgongo chake kilizaa kitu kimoja tu: televisheni ya sebuleni. Rimoti ililala mapajani pake kama paka. Tamthilia ya jioni ikianza, hata mgeni alikunywa chai kimya.

Ijumaa moja mjukuu wake alirudi na kompyuta ya shule, ndogo kama kipande cha sabuni kilichotumika, pamoja na kibodi yake. Shule ilinunua za bei nafuu ili watoto wajifunze kuandika programu, na unafuu wenyewe ulitokana na kukosa kioo: lazima ichomekwe kwenye televisheni. Mwalimu alishasema asiyepata televisheni airudishe Jumatatu, apewe mwingine.

Bibi aliuliza kama dunia nzima televisheni ni yake peke yake. Mjukuu hakubishana, akaomba muda kidogo tu kabla ya tamthilia. Bibi akakubali shingo upande, rimoti ikabaki mkononi.

Msichana akachapa, akafuta, akachapa tena. Mwishowe kioo kikaandika: Shikamoo Bibi. Bibi hajafungua kinywa, maneno yakafutika, yakaja mengine: Tucheze hesabu.

Bibi akavua miwani.

“Nani kakilea hiki?”

“Mimi, Bibi.”

“Basi umekilea vibaya. Kinaniamkia halafu kinaondoka. Marahaba yangu nimpe nani, ukuta?”

Msichana alicheka, Bibi hakucheka. Alisema kitu kisicho na adabu hakikai kwenye televisheni yake. Kifundishwe kusubiri, au kirudi kilikotoka.

Mtoto hakujua kusubiri kunaandikwaje. Akapekua kitabu cha shule, akajaribu, ikagoma. Kwa jirani ukasikika muziki wa tamthilia. Bibi aliilaza rimoti kifudifudi mapajani.

Hatimaye ikaja: Shikamoo Bibi. Chini yake kistari kikawa kinawaka na kuzima, basi. Bibi alikiacha kwanza, aone kama kitachoka. Hakikuchoka. Akaivuta kibodi, na kwa kidole chenye kovu la pasi akaanza kuitafuta M.

Alipofika kwenye H, kwa jirani tamthilia ilikuwa imekwisha.

“Jumatatu kamwambie mwalimu kioo kipo,” alisema.

Mjukuu akanyoosha mkono kumwonyesha A.

“Ondoa mkono. Si kinasubiri?”