Kuzidisha Si Kuhesabu

Nauza kanga za jumla, Tandika. Kanga zinakuja kwa korija, vipande ishirini, na kila korija naihesabu mara mbili mbele ya aliyeileta. Wapo wanaonuna. Wakinuna nahesabu taratibu zaidi.

Kwa hiyo moyo wangu ulipoanza kukurupuka, nilifanya ninachokijua. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu dakika nzima: themanini na tatu. Nikarudia: mia na tisa. Kesho yake nikahesabu tena nikiwa nimekaa, sijabeba kitu. Majibu mawili vilevile. Miaka yote dukani sijawahi kuhesabu kitu kimoja mara mbili nikapata majibu mawili, labda awepo mtu anachomoa.

Zahanati wakaniambia ni mawazo. Nikasema sina mawazo, nina uchovu. Ngazi nne za duka zinanikalisha chini. Wakasema basi ni umri, hedhi inakatika. Mara ya tatu nikaambiwa nipunguze chai, nikapewa na vidonge vya maumivu. Maumivu sikuwa nayo.

Nilipotimiza miezi saba ya kuzungushwa, mume wangu akaenda hospitali kupasuliwa ngiri. Wakampima kwanza umeme wa moyo, kisha wakamrudisha nyumbani.

"Wameahirisha," akasema. "Eti moyo unapiga ovyo. Damu inaweza kuganda humo ndani, ikaniletea kiharusi."

"Wewe unasikiaje?"

"Mie? Nasikia njaa."

Nikamshika mkono, nikahesabu mara mbili. Majibu mawili, kama yangu. Chakula nikampakulia, lakini mie sikula. Kama ugonjwa ndio huu, basi nimezunguka nao miezi saba bila kidonge hata kimoja cha moyo, na kiharusi kingeweza kunikuta nafungua duka.

Siku ya kliniki yake nikaenda naye. Kwenye kiti cha mgonjwa nikakaa mie.

"Shikamoo mama," daktari akasema, kijana mwenye adabu. "Nadhani mgonjwa ni baba."

"Marahaba. Baba yupo, hakimbii. Nishike mkono kwanza."

Akanishika, akatazama saa yake nusu dakika, akaniachia. "Arobaini na tatu, mara mbili, themanini na sita. Uko vizuri mama."

"Hapo umezidisha mwanangu, hujahesabu. Nataka dakika nzima, mara mbili."

"Mama, nje kuna foleni."

"Naijua, watu kumi na wanne. Nimewahesabu."

"Basi dakika moja."

"Mbili. Moja utailinganisha na nini?"

"Mpe tu, dokta," mume wangu akasema. "Mie nilishaacha kubishana naye zamani."

Akahesabu: tisini na moja. Akahesabu tena: mia na kumi na nne. Akaitazama saa yake, akaipeleka sikioni, kisha akaniandikia kipimo kilekile cha umeme wa moyo.

Karatasi ilipotoka hata mie niliona. Vichwa vya mistari ya mapigo vingine vimebanana, vingine vimeachana, hakuna viwili vyenye nafasi sawa. Daktari akasema wanawake wengi wanakujaga na uchovu na pumzi fupi, wanaambiwa ni mawazo, wanafika kwake wamechelewa. Na kiharusi cha ugonjwa huu kikimpata mwanamke huwa kikali.

"Na mie nilikuwa nakurudisha nyumbani," akasema. "Nisamehe mama."

Nikamsamehe. Yeye angalau alihesabu.

Siku hizi dawa tunameza wote wawili. Mume wangu hasikii kitu, kwa hiyo anasahau, mpaka nimsimamie. Mie nausikia kila mpapatiko, kidonge sijaruka hata siku moja. Juzi barazani nikamsikia anamweleza jirani habari za "ugonjwa wetu", anajigamba kama mtu aliyenunua kiwanja Bunju.

"Wetu?" nikamwambia. "Wako umeuokota kwenye foleni ya ngiri. Wangu nimeupigania miezi saba."

Jirani akacheka. Mume wangu akamgeukia.

"Kweli," akasema. "Huyu alijipima mwenyewe kabla ya daktari."