Magunia Mia Tatu Sabini na Tano

Nilipokuwa kidato cha tatu, kiwanda cha nguo ambako mama alishona pale Industrial Area kilifungwa. Akarudi kwao magharibi kuchimba dhahabu. Akatuacha mtaani Komarock: baba, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mama alitaka gramu thelathini za dhahabu safi, zimtoshe kununua cherehani mbili na kukodi kibanda sokoni Muthurwa. "Nikizipata narudi," alisema.

Leso yake tuliiacha ikining'inia nyuma ya mlango. Harufu yake iliisha mapema kuliko nilivyotarajia, lakini bado nilikuwa nikiinusa kila nikitoka shule.

Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Mawe aliyochimba yalisagwa yakawa unga, kisha yakaoshwa, na kila magunia kumi yalimpa gramu moja. Kwa wiki alipata kama magunia sita. Nilijua basi kwamba anahitaji mia tatu, na hesabu hiyo niliiandika nyuma ya daftari la kemia, nikawa napunguza sita kila Jumapili.

Siku moja akapiga simu, sauti ikiwa imechoka. Alikuwa amefikisha magunia mia moja na arobaini.

"Mnunuzi amepima dhahabu yangu," alisema. "Ati si safi. Katika kila sehemu tano, nne tu ndizo dhahabu. Wewe si unasoma kemia, mwanangu? Nipigie hesabu. Ili nipate thelathini safi, magunia ni mangapi?"

Tulikuwa tumefundishwa hesabu za namna hiyo wiki hiyo hiyo. Thelathini gawanya kwa nne, zidisha kwa tano: gramu thelathini na saba na nusu. Magunia mia tatu sabini na tano. Nikatoa yale aliyokwisha kuchimba, nikagawanya kwa sita. Wiki thelathini na tisa na ushee. Mdogo wangu alikuwa ameketi sakafuni akivuta soksi za baba.

"Yote pamoja mia mbili," nilimwambia.

 

"Una hakika?"

"Nimerudia mara mbili, mama."

"Haya basi. Mia mbili."

Wiki kumi zile za magunia sitini yaliyobaki sikula vizuri. Mara nyingi nilishika simu nimwambie ukweli, nikairudisha mezani.

Akaja Jumamosi adhuhuri, bila kutuarifu, amekonda, kucha zimevunjika. Mdogo wangu alijificha nyuma ya sketi yangu akamwita "anti." Mama akacheka, kisha akageuka akawa anafungua begi lililokuwa limeshafunguliwa. Dhahabu yake ilikuwa imetoa gramu kumi na sita safi. Ilitosha cherehani moja, ya mtumba.

Tulipobaki wawili jikoni nikaanza kulia. "Mama, nilikudanganya. Ile hesabu—"

"Nilijua," alisema, akiendelea kukata sukuma wiki. "Magunia si mimi niliyebeba? Ningewezaje kuambiwa dhahabu imepungua, na magunia nayo yapungue?"

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nilikuwa nangoja mtu aniambie nirudi."

Ilichukua karibu mwezi mzima mdogo wangu kukubali kubebwa naye. Mama hakumlazimisha. Kila jioni aliketi chini kando yake, mikono mapajani, akimngoja amzoee.