Waya wa Shaba Nilioukata Keko

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya masika kule Keko, enzi za Mwingereza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na sakafu ya udongo ya karakana yetu ililowa chapachapa. Nitafika huko. Umeniambia umepata jenereta, unafungua karakana mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Nimefurahi mno. Basi kaa kidogo, kuna jambo lazima nikusimulie kabla hujawasha.

Nilikuwa kijana, seremala, na karakana ile tulikuwa nayo wawili: mie na Kristofa, mtu wa Tukuyu, mrefu, mcheshi, asiyevaa viatu kazini hata umpe. Keko ya siku zile ilikuwa pembeni kabisa; ukitoka nyuma kwetu unaingia kwenye mikorosho na mashamba ya mihogo. Umeme uliishia mjini. Sie tulipasua mbao kwa msumeno wa mkono, mmoja huku na mmoja kule, huku tukiimba. Kristofa akiimba nyimbo za kanisani kwao, mie nikimjibu kwa kaswida, na ajabu ni kwamba zote zilikwenda sawa na msumeno. Hadi leo nikisikia harufu ya mninga uliokatwa sasa hivi, naisikia sauti yake.

Kisha tukapata injini kuukuu ya dizeli yenye jenereta yake, na msumeno wa umeme wa mezani. Watu walitoka mpaka Temeke kuja kuutazama. Aliyetufungia nyaya alikuwa Mzee Mwinyimvua, fundi umeme wa siku nyingi, mtu wa kanzu iliyopauka na maneno machache. Alifunga swichi kubwa na fyuzi, akapitisha nyaya ndani ya bomba. Mwisho akanikabidhi fimbo ya shaba na mzingo wa waya mnene wa shaba, mtupu, usio na ganda.

"Huu ni waya wa ardhi," akasema. "Unatoka kwenye chuma cha msumeno, unakwenda kwenye chuma cha jenereta, unaishia kwenye fimbo iliyozama ardhini. Umeme ukivuja, utapita humu na fyuzi itakatika. Usipokuwepo, utapita mwilini mwa mtu. Ndiyo kanuni yenyewe. Chimba mtaro uufukie, keshokutwa nakuja kukagua."

"Sawa, mzee," nikamjibu.

Sasa mwanangu, nilikuwa karibu kumwoa mama yako, Zainabu. Nilikuwa namtengenezea kitanda cha mninga, na ubao wa kichwani nilitaka uwe na maua. Waya ule ulikuwa unang'aa jua likiupiga, unapindika utakavyo. Kristofa alikuwa amekwenda Pugu kutafuta mbao. Niko peke yangu, msumeno ukiwashwa unakata vizuri tu, sioni chochote kinachovuja. Nikaona mzee anazidisha.

Nikaukata. Nilibakiza vipande vitatu vifupi: kimoja nikakifunga kwenye msumeno, kingine kwenye jenereta, cha tatu kwenye fimbo, vyote nikavizamisha udongoni. Katikati hamkuwa na kitu. Uliobaki nikaupinda maua ya asumini, nikayapigilia kitandani.

Mzee akaja, akatazama. "Umefukia wote?"

"Wote, mzee."

Akaniamini. Na Kristofa aliporudi alisimama mbele ya kitanda, akapitisha kidole kwenye maua. "Rajabu, wewe una mikono bwana! Shaba hii umeitoa wapi?" Nikamwambia nimeipata mjini. Akacheka, akasema Zainabu ana bahati.

Wiki zikapita, msumeno ukifanya kazi bila tatizo. Ule mtikisiko wake ulikuwa unasugua waya wa ndani kwenye chuma, ganda linalika taratibu, wala hatujui. Ndipo ikaja asubuhi ile ya mvua.

Kristofa, miguu mitupu kwenye udongo uliolowa, aliweka kiganja kwenye meza ya msumeno. Hakupiga kelele. Alitoa sauti kama mtu anayekohoa, halafu mwili ukakakamaa na mkono ukaganda palepale. Nilimkimbilia nimvute. Nikiwa hatua moja naye nikakumbuka kwamba nikimgusa umeme utanishika na mie, nikageuka, nikaikata swichi kubwa. Akaanguka kwenye maranda. Nilimwita jina lake sijui mara ngapi ndipo akavuta pumzi.

Majirani walimpakia kwenye mkokoteni hadi hospitali. Mchana Mzee Mwinyimvua akafika. Aliinama kwenye msumeno, akakishika kile kipande cha waya, akakivuta. Kilitoka chote, urefu wa shubiri. Akakiweka mkononi mwangu.

"Nilikuuliza ukanijibu," akasema. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Nilikwenda. Kristofa alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Yale maua?" akauliza.

"Ndiyo."

Akautazama mkono wake. "Ungeniambia tu, Rajabu. Ningekata kwa mkono, kama zamani."

Maneno hayo, mwanangu, yameniuma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa.

Niliyang'oa maua, na mama yako nikamweleza sababu. Aliingia nyumbani kwenye kitanda chenye matundu ya misumari, na hakutaka niyazibe. Mtaro niliuchimba upya, mzee akiwa amekaa kwenye gogo ananitazama, nikaunga waya mzima mbele ya macho yake. Kristofa alirudi kazini, akanisamehe kwa moyo wake wote, lakini vidole viwili havikunyooka tena. Akawa mtu wa kupima na kuchora. Tulikaa pamoja miaka mingi mpaka aliporudi kwao. Kuimba kwa msumeno hatukuimba tena.

Basi nakuusia. Mtafute fundi anayezijua kanuni za umeme, na akikwambia jambo, lifanye lote, hata lile litakalofukiwa lisionekane. Waya wa ardhi usiukate. Fyuzi ikiungua tafuta sababu, usiweke msumari mahali pake. Jenereta iwe nje, mbali na maranda, moshi wake usiwaingilie. Na ikitokea siku umepunguza kitu, kwa haraka au kwa kukosa, zima mashine uwaambie wenzako kabla hawajaigusa. Wanaogusa mashine yako hawauoni waya uliofukiwa. Wanakuona wewe tu.

Mungu akufungulie milango ya kazi, mwanangu. Akulindie mikono yako na ya kila atakayefanya kazi nawe, na jioni awarudishe nyote majumbani mwenu mkiwa wazima. Amina.