Mpishi aliyegomea pilau ya kumuaga mkuu wa chuo

Jua la Chinongwe limeshapanda, na Sabaha Mikidadi anasonga ugali wa wanafunzi kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Moshi wa kuni unamwingia machoni, hasogei. Mwanachuo mmoja anachungulia dirishani kuuliza kama ni kweli amegoma.

"Nimegomea pilau," anamjibu bila kugeuka. "Ugali wenu mtakula."

Pilau yenyewe ni ya kumuaga mkuu wa chuo hiki kidogo cha ufundi, Mwalimu Bilali, anayestaafu mwakani. Wenzake wameshaanza kuzungumzia mbuzi, ngoma na khanga za sare. Nani atakalia kiti chake? Hilo hawaligusi. Kwa wengi hapa, kumtaja mrithi wa mtu ambaye bado yupo ofisini ni kumchuria.

Sabaha hataki hata kusikia habari ya sherehe hiyo, na ana sababu.

Mkuu aliyetangulia aliagwa vizuri sana. Watu walicheza mpaka vumbi likatimka. Shughuli ilipokwisha, akatafuta mtu wa kumkabidhi funguo za ofisi, asimwone. Wajumbe wa bodi walikuwa wameshaondoka kuwahi korosho zao. Aliyebaki ni mpishi, anakwangua masufuria. Akapewa yeye.

Funguo zikakaa kwenye pindo la khanga yake msimu mzima wa korosho, mpaka Mwalimu Bilali alipoletwa. Walimu wakawa wanakuja jikoni kuomba wafunguliwe stoo ya chaki. Ulipofika wakati wa kuwasajili wanafunzi kwa mtihani, hakukuwa na mtu wa kutia saini. Kufungua mlango Sabaha aliweza, kusaini hakuruhusiwa. Mwanawe wa kwanza, Huzaifa, alikuwa anamalizia useremala. Mtihani ukampita, naye hakurudi tena chuoni. Leo anabeba magunia ya ufuta Nachingwea mjini.

"Ile ni mikono ya fundi," anasema mama yake. "Inauma, bwana. Inauma mpaka leo."

Sasa binti yake Samia anasoma ushonaji hapo hapo, na mtihani wake unaangukia mara tu baada ya Mwalimu Bilali kuondoka. Ndiyo maana kwenye kikao cha bodi, ambako anawakilisha wafanyakazi, alisimama akataka mkuu mpya aanze kutafutwa sasa: tangazo litoke, waombaji wahojiwe, na atakayepatikana akae muhula mzima pembeni ya anayeondoka. Bila hivyo, akasema, pilau hapiki.

Ilikuwa balaa. Mjumbe mmoja alimwambia anamchimbia mwenzake kaburi. Wengine wakanong'ona kuwa ametumwa na wafugaji waliohamia karibuni kutoka Kanda ya Ziwa, eti wanataka mtu wao, kwa sababu tu Penina Amosi, mzazi kutoka kwa wafugaji hao, alimuunga mkono.

"Nitumwe mimi?" anauliza, na kucheka kwa dharau. "Penina ana mtoto hapa kama mimi. Basi."

Kilichomuumiza zaidi ni Mwalimu Bilali mwenyewe. Alinuna, akawa anabeba chakula kutoka nyumbani kwake. Sabaha hakuacha kumpakulia. Kila mchana alimfunikia sahani yake, na kila jioni ikaliwa na mlinzi.

Wiki iliyopita Mwalimu aliirudisha sahani jikoni mwenyewe, tupu. Akamwambia kuwa ameiomba bodi itangaze nafasi yake kabla mikorosho haijachanua, na kwamba yeye mwenyewe atamwelekeza mkuu mpya kazi. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, habari za pilau yake.

"Utaila, Mwalimu," Sabaha akamjibu. "Siku mwenye kupokea funguo atakapokuwa amekaa na wewe mkeka mmoja."

Bodi haijajibu. Anachotaka Sabaha ni Samia aingie kwenye chumba cha mtihani kama watoto wengine. Na huyo mkuu mpya asipopatikana?

Anagonga mwiko ukingoni mwa sufuria.

"Basi Mwalimu haondoki. Nitamfungia ofisini. Funguo zile nazijua."