Programu Iliyouliza Mara Moja

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kanisani nachagua benchi la mwisho, karibu na mlango, na watu wa Mushaki wamezoea kuniona nikitoka katikati ya mahubiri. Utumbo wangu mpana una vidonda. Kwa miaka nilitibiwa amiba, kisha taifodi, kisha nikaambiwa nimerogwa, mpaka daktari mmoja wa Goma alipoupima kwa kamera na kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Akasema hauponi, unatulizwa tu. Akaniandikia vidonge vya kila siku, halafu akaniomba kitu. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na Kifaransa nakisoma, nijaribu programu tatu za simu zilizotengenezwa kwa wagonjwa kama mimi, nimwambie ipi inawafaa watu wa milimani. Nitakayoichagua itamtumia ripoti za hali yangu, naye ataamua dawa kwa kuzitazama hizo.

Nilizijaribu kwa hasira, maana ugonjwa huu umenipa hasira za karibu.

Ya kwanza haikufunguka bila mtandao. Kwetu mtandao unashika vizuri juu ya kilima, kwenye malisho ya ng'ombe, kwa hiyo nilipanda na tumbo langu linalonguruma. Ikaniambia niache maharage, mahindi na maziwa. Nikatazama: chini yangu shamba letu la maharage, mbele yangu ng'ombe wa jirani. Ikanishauri nile samaki wa bahari za baridi. Niliifuta palepale, kisha nikashuka mbio kwa sababu zangu.

Ya pili ilijivunia ramani ya vyoo. Ukibanwa unabonyeza, inakuonyesha choo kilicho karibu. Siku moja mtandao ulishika nyumbani, nikabonyeza nikiwa nimechuchumaa chooni kwangu, ikajibu kwamba eneo hili halina choo hata kimoja. Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kutoka nje kama niko salama.

Ya tatu ndiyo iliyonipendeza. Ilikuwa nyepesi, ilidai mtandao wakati wa kutuma ripoti tu, na ilikuwa na adabu. Kila asubuhi ilinisalimu kwa Kiswahili na kuuliza najisikiaje, na chini yake kulikuwa na nyuso tatu: wa kucheka, wa kununa na wa kulia. Kila asubuhi nilibonyeza wa kucheka. Ningefanyaje? Kwetu ukisalimiwa unajibu muzuri tu, hata kama una msiba ndani. Aliyekusalimu anakaribishwa, anapewa kiti, mnaongea mvua na mashamba, kisha anauliza tena kwa sauti ya chini, na ule ugonjwa? Hapo ndipo unasema. Kummwagia mtu shida zako mlangoni ni kumkosea. Basi nilibonyeza uso wa kucheka, nikangoja swali la pili. Programu ikashukuru, ikajifunga.

Nilidhani itauliza kesho. Kesho ikawa vilevile. Na mimi natoka damu, nafua nguo zangu kabla watoto hawajaamka, sketi inanivuka kwa kukonda, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Darasani naandika sentensi nusu ubaoni, natoka, narudi, nasahau nilitaka kuimaliza vipi. Nilijiambia labda inanizoea kwanza.

Siku ya kurudi kwa daktari mume wangu alinisindikiza. Sikula kitu tangu jana yake ili tumbo lisinitie aibu njiani. Daktari alifungua ripoti kwenye mashine yake, akaigeuza tuione: kijani kutoka juu mpaka chini. Alifurahi kweli. Nilipouliza kwa nini programu haiulizi habari za damu, alinieleza kwamba maswali hayo yanakuja ukibonyeza uso wa kununa au wa kulia, na mimi sikuwahi kuzibonyeza nyuso hizo.

"Mama, tutapunguza dawa," akasema. "Uko muzuri, ao sivyo?"

Nilijua vidonge vile ndivyo vilivyokuwa bado vinanishikilia. Nilijua pia kwamba nafasi yangu ya kusema ndiyo hii. Miguu haikutulia chini ya kiti, na kinywa kikajibu chenyewe.

"Muzuri tu, dokta."

Mtu anaweza kufa kwa adabu. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Mume wangu si msemaji. Tunaweza kulima pamoja tangu asubuhi na nisisikie kwake zaidi ya habari ya jembe. Alijikohoza.

"Dokta, umuulize tena."

Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi. Aliweka kalamu chini na kusogeza kiti chake karibu. Akauliza nimetoka na nani nyumbani, watoto wako na nani, mvua kwetu iko namna gani. Nikamjibu yote. Kisha akateremsha sauti.

"Na tumbo, mama?"

"Niko natoka damu kila siku," nikasema. "Niko naogopa kufa."

Dawa haikupunguzwa, iliongezwa. Habari ya damu mume wangu alikuwa anaijua. Hiyo ya kuogopa aliisikia palepale, pamoja na daktari.