Siku Fomu Zilipopata Folda Zake

Mfumo wa kompyuta wa kusajili chanjo za mifugo tuliuandika kwa lugha ya Java, mimi na mwenzangu, pale Karatu, kwenye chumba kilicho juu ya duka la pembejeo. Faili zote za kurasa nilizirundika kwenye folda moja. Kwa kuwa faili mbili haziwezi kuwa na jina moja mahali pamoja, nilikuwa na fomu, fomu2, fomu_mpya, na nyingine niliyoiita fomu_hii_ndiyo. Mfumo ulifanya kazi, nami niliridhika.

Ndipo daktari wa mifugo wa upande wa Wasso, ambaye ndiye aliyetupa kazi, akapiga simu.

"Wafugaji wengi huku ni Wamaasai, Kiswahili chao ni cha kuungaunga. Hamwezi kuweka na Kimaa?"

Niliitikia, huku moyoni nikijua nimekwisha: kila fomu sasa ingehitaji nakala na jina jingine.

Huyo mwenzangu wa kazi alikuwa dada wa Kiiraqw kutoka Endabash, aliyenitangulia mbali katika fani hii. Aliitazama folda yangu, akavuta pumzi.

"Mdogo wangu, humu hata wewe mwenyewe unapotea. Tugawe. Kiswahili folda yake, Kimaa folda yake, na ndani ya kila moja, ng'ombe kwao, mbuzi kwao."

Tukahamisha. Nilipowasha mfumo, hakuna kilichofunguka. Kila nilipobonyeza, jibu lilikuwa lile lile: ukurasa haujapatikana.

"Faili umezihamisha," dada akasema, "lakini kodi ya programu hujaiambia. Bado inazitafuta kule kwa zamani."

Basi tukapita kila mahali ambapo kodi inaita ukurasa, tukaandika njia kamili ya kuufikia. Palipokuwa na fomu tu, sasa pakawa ng'ombe/fomu. Folda ya lugha tukaiacha kodi iichague yenyewe, kulingana na alichobonyeza mtumiaji. Hata kile kipande cha menyu kinachokaa juu ya kila ukurasa nacho kilidai njia yake. Mchana ukurasa wa kwanza ukafunguka, kisha wa pili, kisha zote. Kila fomu iliitwa fomu tu, na hakuna iliyomkanyaga mwenzake. Nilibonyeza na kubonyeza tena, nisiamini.

Maneno ya Kimaa alitutafsiria mwalimu mmoja wa kanisani. Kisha nikapanda basi kwenda Wasso. Tulipita ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ndani ya ukungu mzito, tukateremka kwenye jua na vumbi, nikafika nimekuwa mwekundu hadi kope.

Kesho yake alikuja ofisini kwa daktari mama mmoja wa Kimaasai, ameleta mbuzi wachanjwe. Alijua kusoma Kimaa kwa sababu ya Biblia. Daktari akamgeuzia kompyuta. Mama akainama, akafuatisha kwa kidole bila kugusa kioo.

"In-ki-shu," akasoma polepole. Ng'ombe.

Akaniangalia. "Nani ameandika?"

"Sisi, mama. Kutoka Karatu."

"Na mbuzi wapo?"

Nikambonyezea. Ukurasa wa mbuzi ukaja, kwa lugha yake. Mama akaziba mdomo kwa mkono, macho yakametameta. Halafu akatoka mlangoni na kuwaita kwa sauti wenzake waliosimama na mifugo yao, na daktari akanitafsiria: "Njooni! Hiki kitu kinajua Kimaa!"

Wakaja, wakajaa chumbani wakiinamiana mabegani. Mimi nilisogea ukutani kuwapisha, nikinyoosha mkono tu kuwabonyezea ukurasa mwingine.